Msumari wa Latifa

Karakana ya Husni iko mtaa wa Yoba, mjini Gitega, nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Ukitaka kuifikia unainama chini ya kamba ya nguo ambayo zamani ilijaa kanga na shuka, na siku hizi inabeba kanzu mbili na shati la kazi. Chumba chenyewe ni cha matofali, dirisha moja kubwa upande wa mashariki, meza nene ya mbao iliyoliwa katikati, na harufu ya mafuta ya mashine ambayo haitoki hata ukipaka chokaa. Humo ndimo Husni amekuwa akinoa na kuunga minyororo ya misumeno ya injini kwa miaka ishirini na sita. Wapasua mbao wanamjia kutoka Karusi, kutoka Muyinga, mpaka kule karibu na mpaka wa Tanzania. Si mtu wa maneno mengi, na hayo machache aliyonayo huyatumia zaidi kuzilaumu tupa za siku hizi, ambazo kwa maelezo yake huisha makali zikiwa bado dukani.

Wengi wanadhani mnyororo wa msumeno huzaliwa ukiwa mduara. Sivyo. Husni hununua rulo, yaani mnyororo mrefu wa mita thelathini uliozungushwa kwenye gurudumu la plastiki, kama kamba dukani. Mteja akija na msumeno wake, Husni hupima, huhesabu viungo, hukata, kisha huunganisha ncha mbili kwa riveti anazozibana vichwa kwa mashine ndogo ya mkono. Kwenye kipande alichokiunga hugonga nukta mbili ndogo, ili siku mnyororo ukirudi na ugonjwa ajue wapi palipita mkono wake na wapi palipita mkono wa kiwanda.

Mnyororo mbaya una tabia zake, naye anazijua zote. Ukikata kwa kupinda, meno ya upande mmoja ni mafupi kuliko ya upande wa pili. Ukitoa unga badala ya maganda, umekuwa butu. Viungo vikigeuka rangi ya buluu, mwenye msumeno aliunyima mafuta, hata kama ataapa kwa jina la mama yake. Mteja akianza kujitetea, Husni humwonyesha tu kile kiungo cha buluu na kuendelea na kazi.

Lakini kazi ya kusema mnyororo huu ni mzima haikuwa yake. Ilikuwa ya mke wake, Latifa.

Latifa hakuwahi kushika tupa wala hakutaka. Alikuwa na kigoda chake karibu na dirisha, na kipande cha gunia cha kutandika mapajani. Husni akimaliza kuunga, alimwekea mnyororo juu ya gunia, naye akaupitisha vidoleni kiungo baada ya kiungo, kama apitishavyo tasbihi. Na kweli alikuwa akileta dhikri. Mnyororo wa ile misumeno mikubwa ya kupasulia mbao una viungo sabini na viwili. Latifa alisema Subhanallah mara thelathini na tatu, Alhamdulillahi mara thelathini na tatu, na vile viungo sita vilivyobaki alimwombea mtu atakayeushika huo msumeno, arudi kwake na mikono yake yote. Vikibaki vitano au saba, maana yake Husni amekosea hesabu, na Latifa hakumwonea haya kumwambia. Kiungo kikiwa kigumu, kikikataa kujikunja, dhikri ilikatika papo hapo. "Huyu iko mgonjwa," alisema bila kuinua macho, na mnyororo ukarudi mezani.

Ule uliopita salama alisimama nao mwenyewe, akautundika kwenye msumari mnene uliopigiliwa ukutani juu ya kigoda. Karakana ile haikuwa na muhuri wala cheti cha ubora. Mnyororo uliotundikwa kwenye msumari wa Latifa ulikuwa umepita, basi, na hakuna mpasua mbao aliyekuwa na la kuuliza zaidi.

Latifa alifariki mwezi wa tatu, mvua zikiwa kali, baada ya kusumbuliwa na sukari kwa miaka mingi. Binti yao pekee, Raissa, alipanda kutoka Bujumbura na watoto wake, akakaa mpaka arobaini ilipopita. Alimsihi baba yake washuke wote wakaishi pamoja. Husni alijibu kwamba Bujumbura kuna joto. Raissa alijua joto halihusiki, lakini unamlazimishaje mzee mwenye miguu yake? Akaondoka, na nyumba ikawa kubwa ghafla.

Upweke ulimshika Husni kwa mambo madogo madogo. Alisonga ugali wa watu wawili, akala nusu, na asubuhi akaukuta ule mwingine umekauka sufuriani. Alichemsha chai ya vikombe viwili, akanywa cha kwanza akiwa amesimama, na cha pili akakinywa kwa sababu kumwaga chai aliona dhambi. Alikohoa na kusubiri mtu amuulize kama amemeza dawa. Hakuna aliyeuliza, naye hakuwa amemeza.

Pili, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo mwepesi, alikuja siku moja akasema kama fundi anataka, anaweza kuwa anakaa karakanani asubuhi kumpitishia minyororo. Alimwona Latifa akifanya miaka yote hiyo, haiwezi kumshinda. Husni alimjibu kwa mkato kwamba kigoda kile si cha kukaliwa. Pili alifunga kanga yake upya, akaondoka, na tangu siku hiyo akawa anamsalimia kutoka mbali.

Kwa hiyo Husni akawa anakagua kwa macho. Alifunga mnyororo mpya kwenye msumeno wake mwenyewe, akauwasha dakika moja, akasikiliza, akazima. Akajiambia inatosha. Viwanda vya siku hizi si vya mchezo, wana mashine zao za kupimia, yeye ni nani wa kurudia kazi yao?

Kilichomshinda ni ule msumari. Ulikaa mtupu juu ya kigoda kitupu, na kila alipoinua macho kutoka kwenye tupa ulikuwa wa kwanza kumtazama. Mara mbili alitoka nje katikati ya kazi akasimama chini ya kamba ya nguo bila kujua amefuata nini. Siku ya tatu aliunga mnyororo, akainuka, akautundika kwenye msumari. Ukuta ukaonekana kama zamani. Akapumua, akaendelea kunoa. Tangu hapo kila mnyororo uliotoka mezani ulikwenda msumarini, na Husni hakuliwazia jambo hilo hata kidogo.

Mwezi wa saba, siku ya jua kali na vumbi, akaingia Kastori.

Kastori ni mdogo wake Gervasi, mpasua mbao wa Butihinda, kule Muyinga. Ndugu hawa walikulia Tanzania, upande wa Kigoma, katika familia za waliokimbia, wakarudi wakiwa watu wazima na msumeno mmoja na Kiswahili cha huko. Gervasi alikuwa mteja wa Husni tangu mwaka wa kwanza wa kurudi. Alikuwa mtu wa kukaa, kunywa chai, kumtania Latifa kwamba siku akifa Husni atamwoa yeye, na Latifa kumjibu kwamba kwanza ajifunze kuoga. Mara ya mwisho alikuja mwezi wa tano. Alipoambiwa habari ya msiba alilia pale pale mlangoni, akachukua mnyororo mpya, akarudi kwao.

Sasa Kastori aliweka gunia mezani, akalifungua. Mnyororo ulikuwa humo, umekatika. Alisema kwa ufupi kwamba ulikatika Gervasi akiwa katikati ya gogo la mkaratusi, ukarudi kama kiboko, ukampitia mkono wa kulia. Kidole kidogo na cha pembeni yake havipo. Ametoka hospitali, yuko nyumbani. Hana neno, anaomba tu fundi auangalie mnyororo amwambie kwa nini. Husni alimkaribisha chai. Kastori alisema ahsante, gari linamsubiri, na hakukaa.

Hilo la kutokaa lilimuuma Husni kuliko angepigwa kofi.

Maneno yalienea Yoba nzima kabla ya jua kuzama, maana Yoba hakuna siri. Kesho yake, akivaa viatu nje ya msikiti baada ya alasiri, alimsikia Houssein muuza nyama akimwambia mwenzake kwamba tangu Husni afiwe mkono wake si ule. Houssein hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Husni akafunga kamba za viatu polepole mpaka wote wakaondoka.

Njiani kurudi aliliweka jambo sawasawa kichwani. Ikiwa mnyororo ulikatikia kwenye riveti ya mkono wake, basi anafunga karakana. Atafunga, ataukabidhi ufunguo kwa Raissa, atashuka kwenye joto. Mtu anayewakata watu vidole hana haki ya kuitwa fundi. Na baada ya karakana hakuwa na kitu kingine. Alilijua hilo, na aliogopa.

Asubuhi alianza mapema, jua lilipofika dirishani. Aliosha mnyororo kwa mafuta ya taa, akaukausha, akaunyoosha juu ya kitambaa cheupe. Kwanza alitafuta zile nukta mbili. Alizikuta mbali na palipokatika, viungo thelathini na kitu kutoka hapo, na riveti zake zilikuwa zimekaa vizuri, vichwa vya mviringo, hazina mlegeo.

Hakujipa ushindi haraka. Aliangalia kama Gervasi aliunyima mafuta. Hakuna buluu, na Gervasi si mtu wa kufanya hivyo. Aliangalia meno. Yalikuwa yamenolewa sawa, kushoto na kulia. Ndipo akachukua kile kipande cha pembeni kilichopasuka, akakishika kwa koleo, akakiweka chini ya lensi yake ya mkononi, juani. Chuma kilichopasuka leo hung'aa. Hiki kiling'aa nusu. Nusu nyingine, ile iliyo jirani na tundu la riveti, ilikuwa nyeusi yenye kutu. Ufa ulikuwapo tangu zamani, tangu riveti ilipobanwa kwa nguvu kupita kiasi, na siku ile ulimalizia tu njia yake. Na riveti hiyo ilibanwa kiwandani.

Si yeye. Husni alicheka kwa sauti. Akageukia dirishani kumwambia Latifa kwamba si yeye, mdomo ukiwa tayari umefunguka, na kigoda kilikuwa kitupu. Akabaki na furaha yake mdomoni hana wa kumpa.

Ilimbidi aendelee, kwa sababu ugonjwa wa kiwandani haupati kiungo kimoja. Alitoa kilichobaki cha rulo lile lile, akauchukua mnyororo mikononi, akaanza kuupitisha. Kiungo kimoja kilikuwa kigumu, kikagoma kabisa kukunjika. Akakiwekea alama ya chaki, akaendelea. Baada ya viungo ishirini na saba, kingine. Baada ya ishirini na saba, kingine tena. Hapo akaelewa kila kitu: mashine ya kubania riveti ina mahali pamoja pabovu, na kila ikizunguka inapiga pale pale. Kutoka kwenye rulo lile alikuwa ameshakata minyororo tisa. Mmoja ulikuwa mbele yake mezani. Minane ilikuwa mikononi mwa watu, inakata miti.

Mfanyabiashara wa Bujumbura aliyemletea rulo alisikiliza kwenye simu, akasema wengine hawajalalamika, kisha mtandao ukakatika, au akaukata. Husni hakupoteza muda naye. Siku mbili alizunguka Gitega kwa miguu akitoa minyororo mizima ya rulo la zamani na kuchukua ile mibovu. Miwili aliipata sokoni kwa mafundi. Wa tatu ulikuwa mtaa wa Mushasha kwa Fredi, aliyekuwa akikata kuni za shule, ambaye alinung'unika kwamba mnyororo wake unakata vizuri kabisa. Husni alikikunja kiungo mbele ya macho yake, kikagoma kukunjika. Fredi akaufungua mwenyewe.

Mitano ilikuwa Muyinga. Husni alimpigia Sefu, mwenye uwanja wa mbao karibu na soko la Muyinga mjini, amwitie wenyewe. Kisha akachukua kile kipande kilichopasuka, akakilaza juu ya pamba ndani ya kiberiti kitupu, akakitia mfukoni mwa koti. Ndani ya gari, Karusi ikipita dirishani na vilima vyake, alikigusa mara nyingi. Alikuwa akipanga maneno atakayomwambia Gervasi. Angefungua kiberiti tu, kazi ikaisha.

Pale kwa Sefu mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Wote watano walikuja. Aliwaonyesha ufa, akawaonyesha viungo vigumu, akawapa mizima. Sefu akamsifu mbele ya watu kwamba fundi wa siku hizi akikosea anazima simu, lakini huyu amepanda gari kuja kurekebisha kosa ambalo hata si lake. Husni aliinamisha kichwa. Ilikuwa miezi tangu mtu amsifu, na lazima tuseme ukweli, alisikia raha.

Pikipiki ilimfikisha Butihinda mchana. Gervasi alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya nyumba, mkono umefungwa bandeji nyeupe, amekonda. Mkewe, Dorotea, alikuwa kwenye mkeka akipukuchua maharage. Walimkaribisha, wakamuuliza habari za Gitega, za Raissa, za wajukuu. Husni alijibu, kisha hakuweza kungoja tena. Akatoa kiberiti, akamwekea Gervasi kipande kwenye kiganja cha mkono mzima, akampa lensi.

"Angalia hapa," alisema. "Hii nyeusi ni ya zamani. Ni fabrike, kile kiwanda, njo ilikosea, ndugu yangu. Si mi."

Gervasi aliangalia kwa muda mrefu. Alikuwa fundi vilevile, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akamrudishia kipande, akashusha pumzi, akasema amefurahi. Kule hospitali alilala akiwaza labda yeye mwenyewe alikaza mnyororo vibaya. Sasa amejua. Husni alisikia kitu kizito kikimtoka mabegani.

Ndipo Gervasi akaongeza, taratibu, kama mtu anayezungumza na nafsi yake, kwamba ajabu ni kuwa yeye kila cheni mpya huipitisha mkononi kabla ya kuifunga. Marehemu baba yake alimfundisha hivyo kule Kigoma. Kila cheni, isipokuwa za Husni.

"Za kwako sizipitishi," alisema, "kwa sababu naona umezitoa kwenye msumari. Siku ile umeniambia mama Raissa ametutoka, nikatazama ukutani, nikaona msumari umejaa. Nikasema moyoni, Mungu ni mwema, fundi amepata mtu wa kukaa pale. Sikutaka kukuuliza siku ya majonzi. Ni nani, baba Raissa? Ni binti yako?"

Husni alikaa na kiberiti mkononi. Jibu lilikuwa jepesi. Angeweza kusema ni Raissa, au jirani, au yeye mwenyewe. Kiwanda ndicho kilichokosea, na huo ulikuwa ukweli, upo ndani ya pamba, kila mtu ameuona. Hakuna aliyekuwa akimshtaki. Lakini alimwona Latifa akiinua macho kutoka kwenye gunia lake, na vile vidole vyake vilivyokwama kwenye kiungo kigumu.

"Hakuna mutu," alisema. "Nilikuwa ninatundika tu. Ile musumari ilikuwa tupu, Gervasi, na mi nikashindwa kuiangalia. Donc, basi, nilikuwa ninatundika tu."

Maharage yalinyamaza. Gervasi aliutazama mkono wake wa bandeji, akaugeuza upande huu na upande ule. Jogoo alipita kati yao akaokota punje, na hakuna aliyemfukuza.

Aliyesema ni Dorotea. Hakupandisha sauti.

"Ungemwambia tu, baba. Angeipitisha mwenyewe."

Macho yalimjaa Husni maji, akayaacha yatoke. Aliomba radhi, kwanza kwa Dorotea, kisha kwa Gervasi, akasema atafunga karakana, hastahili. Gervasi akatikisa kichwa kwa hasira, hasira ya kwanza aliyoionyesha siku ile. Afunge ili iweje? Wapasua mbao wa Muyinga wanunue kwa nani, kwa huyo wa Bujumbura anayekata simu?

"Pole ya mkeo nilikupa," alisema. "Hili lingine nipe muda. Kastori ndiye atakayeshika msumeno sasa. Akija kwako, usimpe kilichotundikwa kama hakijapita. Na msumari ukiwa mtupu, uache mtupu."

Walimpa kinywaji, kwa maana mgeni haondoki na kiu, naye akanywa kwa shida. Gervasi hakumsindikiza mpaka barabarani kama ilivyo desturi. Alimsindikiza mpaka mwisho wa ua, akasimama.

Husni alirudi Gitega akiwa na minyororo mitano mibovu kwenye mfuko na kiberiti kile kile. Alipoingia karakanani, kabla hajavua koti, alitoa yote iliyokuwa msumarini, minne, akaiweka mezani. Akakaa na ukuta ule wiki baada ya wiki. Usidhani alizoea. Alihamisha meza akaketi upande mwingine, kisha akairudisha, kwa sababu mwanga ulikuwa dirishani na msumari ulikuwa dirishani.

Alijaribu pia kuipitisha minyororo mwenyewe akiwa amesimama mezani, na hapo akagundua jambo ambalo Latifa hakuwahi kumwambia, pengine kwa kumstahi. Vidole vyake vilikuwa vimekufa. Tupa za miaka ishirini na sita zilikuwa zimeifanya ngozi kuwa gamba, na kiungo kilicho kigumu kidogo tu kilimpita bila kukihisi. Yeye hakuwahi kuwa na uwezo wa kuifanya kazi ile. Miaka yote hiyo alidhani Latifa anamsaidia tu. Siku hiyo alikwenda kwa Pili kuomba msamaha kwa majibu yake ya zamani, na Pili akampa mtori na maneno mengi. Alimwomba aje karakanani. Pili alikubali, lakini kuanzia mwezi ujao, maana alikuwa anakwenda kumuuguza dada yake huko mjini Ngozi.

Kastori alikuja kabla ya huo mwezi ujao. Alisimama mlangoni, na kabla ya kusalimia alitazama ukutani. Msumari ulikuwa mtupu. Husni aliona alivyotazama.

Akamwomba angoje, huenda ikachukua saa nzima. Mara hii Kastori alikaa, juu ya gogo karibu na mlango. Husni alihesabu viungo sabini na viwili vya rulo jipya, akakata, akaunga, akagonga nukta mbili. Kisha akalichukua lile gunia la Latifa, akalikung'uta vumbi, na kwa mara ya kwanza akakaa kwenye kigoda. Kilikuwa kifupi kwake, magoti yakampanda. Kwa kuwa vidole havikumsaidia, alikunja mkono wa shati akaupitisha mnyororo juu ya ngozi laini ya ndani ya kifundo cha mkono, mahali tupa haikufika, huku amefumba macho. Subhanallah thelathini na tatu. Alhamdulillahi thelathini na tatu. Alikwenda polepole mno, meno yakimkwaruza, na mara mbili alipoteza hesabu akaanza upya. Vikabaki sita. Akamwombea Kastori arudi kwake na mikono yake yote, na akasikia anaomba kwa sauti, kwa maneno yale yale ya mkewe.

Alisimama, akautundika mnyororo kwenye msumari. Aliuacha hapo kwa muda wa kuvuta pumzi moja, akautoa, akampa Kastori.

Kastori hakuutia mfukoni. Aliupokea, akarudi kukaa juu ya gogo, akaupitisha mwenyewe kiungo baada ya kiungo mbele ya Husni, mpaka vyote sabini na viwili. Husni alisimama akangoja.

"Nzima," alisema Kastori, akainuka, akaaga.

Husni alimsikia akiinama chini ya kamba ya nguo, akasikia hatua zake zikiishia barabarani. Akarudi mezani, akachukua tupa, akainua macho. Msumari ulikuwa mtupu tena. Kulikuwa na mnyororo mwingine mezani, haujapita, angeweza kuinuka na kuutundika. Ilimuuma kama siku ya kwanza, naye akauacha ukuta hivyo hivyo, akaendelea kunoa.